Bi Saadia na Kiti cha Mkalimani

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Bi Saadia Alamin anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika ofisi yetu ya Columbia Heights, inayowasaidia wanawake wanaopigwa au kutishwa majumbani mwao. Wasifu huu nimepewa kuuandika mimi, Gitonga, kwa kuwa ndimi mwandishi wa ripoti hapa. Yeye mwenyewe aliomba apewe mtu mwingine.

Alianza mwaka 2004 kama mpokea simu, akitokea hoteli moja ya Bloomington alikokuwa akitandika vitanda. Sisi wengine tukipiga simu mahakamani tunaanza na namba ya faili. Yeye, mtu wa Mombasa asiyeharakishwa, huanza na hali ya nyumbani, kisha goti la karani, kisha binti wa karani aliyeko chuoni. Tulimcheka. Lakini faili zake hazikupotea hata moja. Zangu zimepotea nne.

Mwaka 2013 alimsindikiza mama mmoja kwenye ofisi ya kaunti ambayo siitaji, maana bado wanatuazima ukumbi. Mkalimani hakuwapo, basi afisa akamwomba shemeji wa yule mama atafsiri. Bi Saadia alizuiwa mlangoni kwa sababu si jamaa. Mama alisimulia baadaye kwamba alipoulizwa kama mumewe humpiga, alijibu kwa dakika tatu nzima. Shemeji akatafsiri: hapana. Jalada likafungwa.

Tangu siku hiyo Bi Saadia alidai kanuni moja tu: jamaa wa anayeshtakiwa asikalie kiti cha mkalimani.

Waliokuwa madarakani walilipenda wazo, ila bajeti haikuwapo. Uchaguzi ukawaondoa. Waliokuja walikuwa na bajeti, ila walitaka wazo lichunguzwe kwanza. Kikaundwa kikosi kazi, nami nikawa katibu. Vikao vitano vya mwanzo tulijadili jina la kikosi kazi. Mwishowe niliandika ripoti ya kurasa sitini na mbili yenye michoro ya rangi. Bi Saadia aliisoma yote, akanishauri nikate kuanzia ukurasa wa pili.

Machi 2022 suala likafika mbele ya kamati ya kaunti, na uchaguzi mwingine ulikuwa unabisha hodi. Likikwama hapo, tunaanza upya na watu wapya. Bi Saadia alipewa dakika mbili. Akachagua kusema Kiswahili, lugha ambayo yule mama aliisema bila kusikika. Mkalimani wa kaunti, wala msishangae, hakufika. Nikaombwa mimi.

Aliwaambia waheshimiwa kwamba kwa miaka tisa wamekuwa wakimpa maji ya chupa na kumwambia arudi mwakani, na kwamba yule mama alirudi kwa mumewe akavunjwa mkono. Mimi, kwa adabu niliyofunzwa Meru na kwa woga wangu mwenyewe, nikatafsiri kwamba anawashukuru kwa subira yao, na kwamba hali ya akina mama inahitaji kuangaliwa.

Akanigeukia. Kisha akaendelea kwa Kiingereza, polepole, bila hasira.

"Sivyo nilivyosema. Na huyu Bwana Gitonga ananipenda, tunakula pamoja kila mchana, wala hajawahi kunipiga. Sasa mfikirieni shemeji."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka huku nikitafuta meza ya kujificha. Kicheko kilipokwisha, mwenyekiti akaniomba nitafsiri upya, neno kwa neno. Nikayasema yote, na mkono uliovunjika. Kanuni ikapita kwa kura nne dhidi ya moja. Katika ripoti ya mwaka nilijitaja kuwa mtu aliyetoa mchango wa kipekee.

Wiki tatu baadaye mama mwingine aliingia ofisi ileile pamoja na mumewe, na kaka wa mumewe aliyevaa tai, tayari kwa kazi. Afisa akawaonyesha viti vya nje. Ndani, mkalimani alikuwa kwenye simu, akisubiri. Bi Saadia naye aliachwa nje, hilo bado hatujalirekebisha. Alikaa na wale wanaume wawili dakika arobaini mlango ukiwa umefungwa, na anasema hajawahi kufurahia kungoja kama siku ile.

Sasa anahamia Savage kwa bintiye Lubna, kwenye wajukuu watatu wanaoelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Tunawaonea huruma.

Asante, dada yetu. Wako wanawake katika miji yetu hii waliosikika kwa sababu yako, na wengi wao hata jina lako hawalijui. Kapumzike sasa. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi isiyo na kikosi kazi chochote.