Bolti za Magurudumu

Basi la kuwapeleka abiria kwenye ndege lilikuwa ndiyo kwanza limeondoka, na tayari wanaume wawili walikuwa wameshikana mashati kwa maneno. Mshonaji, aliyesimama katikati yao amekumbatia gauni la harusi la mdogo wake, aliyasikia yote, atake asitake.

"Bolti ni bolti tu, kaka," alisema mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Mimi nawauzia mpaka karakana ya ndege hapa hapa. Unene uleule, urefu uleule. Tofauti ni karatasi."

"Hiyo karatasi ndiyo inayosema chuma kimepimwa!" Fundi wa ndege alikuwa akienda likizo, ila hasira zake zilikuwa bado kazini. "Za dukani kwako kazipima nani? Mizani ya misumari?"

"Mbona hakuna aliyewahi kuja kulalamika?"

"Ikikatika kule juu, nani atarudi dukani kwako kulalamika? Na hao wa karakana karatasi wanazitoa wapi, kama si kubandika za bolti kuukuu?"

"Wanaobandika ni wao. Mimi nauza. Juzi tu wamechukua za magurudumu."

"Ya ndege ipi?"

Basi likasimama, milango ikafunguka. Ngazi ilikuwa mbele yao.

"Haya," fundi akasema, akimpisha kwa adabu zote. "Tangulia, mheshimiwa."

Mwenye duka aliyatazama magurudumu ya ndege. Kisha akashika bomba la basi kwa mikono miwili.