Santuri za Watu: Maisha ya Mzee Telesphory Bucumi, 1957–2021

Marehemu Telesphory Bucumi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Nyanza-Lac, Burundi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Bonaventura Bucumi, mvuvi wa dagaa, na marehemu Agnesi Ntakarutimana. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alinyamaza, akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta sauti inatokea wapi.

Alianza shule ya msingi hukohuko mwaka 1964. Mei 1972 mauaji yalipofika kwao, mama yake aliwapakia watoto kwenye mtumbwi, wakafuata mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Kagunga, upande wa Tanzania, na baadaye Ujiji. Baba alibaki nyuma kufunga nyumba, hakuonekana tena. Telesphory alimaliza darasa la saba Ujiji mwaka 1975. Kiswahili na Kiha alijifunza kwa pamoja, na mpaka uzeeni aliviweka na Kirundi katika sentensi moja bila habari.

Mwaka 1976 alianza kujifunza ufundi wa redio kwa Mzee Asumani wa Ujiji, mtu mwenye asili ya Kongo. Hapo ndipo alipopata santuri yake ya kwanza, iliyosahauliwa ndani ya gramafoni ambayo mwenyewe hakuirudia. Kwa miezi mingi aliisikiliza upande mmoja tu. Mzee Asumani alipomuuliza kwa nini haigeuzi, alijibu, "Bado sijaumaliza huu."

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Eufrasia Elikana wa Katubuka. Walijuana kwa ugomvi. Eufrasia aliingia dukani kwa Mzee Asumani akiwa ameikumbatia redio ya mama yake, akasema, "Fundi, tangu uitengeneze inaongea Kirundi tu." Telesphory aliinamisha kichwa. "Nisamehe dada. Nilikuwa nasikiliza kwetu, nikasahau kuirudisha kwenye stesheni yenu." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kuanzia mwaka 1993, na zaidi Novemba 1996, boti zilishusha wakimbizi Katonga, ufukweni mwa Kigoma, kila siku, kutoka Burundi na kutoka Kongo. Walishika walichowahi kunyakua: sufuria, godoro, picha ya harusi. Wengine walishika santuri. Kambini walikokwenda hakukuwa na umeme wala pa kuziweka, na wapo walioziacha juu ya mchanga. Marehemu alianza kuzipokea. Hakununua hata moja. Juu ya kila jalada aliandika kwa penseli jina la mwenyewe, alikotoka na tarehe, kisha akamwambia, "Ninakutunzia. Siku ukirudi kwenu, pitia kwangu." Kufikia mwaka 1999 alikuwa na zaidi ya mia nne. Alizifuta kwa kitambaa cha pamba chenye maji kidogo, akazianika kivulini, zikajaa chumba kizima.

Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake Buzebazeba, alizipiga. Kibali hakuwa nacho. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, na wengi wa wageni wake walikuwa wametoka kambini bila ruhusa, kwa hiyo pazia lilishushwa na muziki ukapigwa kwa sauti ndogo, kiasi kwamba mtu alicheza huku akisikia nguo zake mwenyewe. Alikuwa na gramafoni mbili zisizolingana mwendo. Ile yenye haraka aliizuia kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka ipumue sawa na mwenzake. Hakukata wimbo. Alisubiri mahali unapovuta pumzi, akauingiza mwingine hapo; gitaa la Kongo likafika kabla ngoma za Burundi hazijaondoka, na kwa dakika moja au mbili hakuna aliyejua yuko ng'ambo ipi. Mwanga ulipita kwenye pazia la kijani, watu wakicheza peku kama waliosimama ndani ya maji. Mama mmoja alikaa chini akifuta macho. "Nilikuwa Uvira sasa hivi," alisema. "Nimepita mbele ya nyumba yangu. Mlango ulikuwa wazi."

Kwa miaka kumi dansi ile ilifunguliwa kwa santuri moja, ya Bi Anifa wa Uvira, aliyonunuliwa na marehemu mumewe. Ilianza kwa gitaa peke yake, karibu dakika nzima, kama mtu anayekuja kwa mbali. Nyingine zote Telesphory alizipanga kwa kuifuata hiyo.

Agosti 2006, meli ikiwarudisha watu kwao, Bi Anifa alibisha hodi.

"Papa, nilikuja kukamata ile santuri ya bwana yangu."

Marehemu alimtazama, kisha akatazama chini. "Ilivunjika, mama."

"Ilivunjika namna gani?"

"Ilianguka."

Bi Anifa alimaliza chai aliyopewa, akashukuru, akaondoka. Familia inalisema hili kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe. Mama Eufrasia alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mume wangu," alimwambia, "yule mama hana hata kaburi la mumewe. Wewe unataka kubaki na sauti yake?"

Asubuhi iliyofuata, tarehe 22, aliendesha baiskeli hadi bandarini, santuri ikiwa ndani ya shati lake. Alimkuta Bi Anifa kwenye foleni.

"Haikuvunjika," alisema. "Nilikudanganya. Niliipenda mno."

Bi Anifa alisoma juu ya jalada jina la mumewe, alilotaka liandikwe badala ya lake, akaifunga santuri ndani ya kitenge chake. Hakumlaumu, hakumshukuru. Alipanda meli. Tangu siku hiyo marehemu alifungua dansi kwa dakika moja ya ukimya, na wageni waliizoea, wakasimama wakiisikiliza.

Mwaka 2018 alipata kiharusi kilichodhoofisha mkono wa kulia. Alijifunza upya kuzuia sahani ya gramafoni kwa mkono wa kushoto. "Sasa nyimbo zinakutana mahali pengine," alisema, na hakuonekana kusikitika. Mwishoni mwa Januari 2021 hali ilibadilika. Jumapili tarehe 7 Februari, saa tisa alasiri, akiwa nyumbani, alimwomba Mama Eufrasia afungue dirisha. Alisikiliza kwa muda, akafumba macho.

Marehemu ameacha mjane, Eufrasia, watoto watatu, Shukrani, Mariana na Pastory, wajukuu saba, dada mmoja, Yuliana, aliyeko Nyanza-Lac, na santuri mia mbili na kumi na nne ambazo si zake. Zimo chumba cha nyuma, zimefutwa vumbi. Anayejua jina la ndugu yake liko huko aje, wakati wowote, mlango hautafungwa.

Telesphory, pumzika. Mwenyezi Mungu akupokee kwa amani.