Mama Chungulia na Goti la Wifi Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi wa mapazia aliyetutoka wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Wengi tulimjua kwa jina la utani: Mama Chungulia.

Jina hilo alilipata kwenye skwoshi. Mchezo huu huchezwa na watu wawili ndani ya chumba kimoja, wakipiga mpira ukutani kwa zamu. Wengine hupiga kwa nguvu tu. Yeye, kabla ya kupiga, alimchungulia mwenzake kwa pembe ya jicho. Ukisimama nyuma, mpira anauweka mbele, polepole, unafia chini ya ukuta. Ukikimbilia mbele, anaupitisha juu ya kichwa chako, unaangukia kona ya nyuma. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kutazama miguu ya watu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo ni mzimamoto.

"Hatukuheshimiana hata kidogo," anasema wifi. "Mimi namwambia, 'Kaka yangu alioa jini!' Yeye ananijibu, 'Kimbia wifi, moto unawaka kule kona!'"

Kisha wifi akaumia goti kazini, akafanyiwa upasuaji. Daktari alipomruhusu kukimbia, alirudi uwanjani. Hapo, wasikilizaji, Mama Chungulia alikosea. Alikosea kwa upendo. Bado alichungulia, lakini sasa alitafuta wifi yake amesimama wapi ili mpira umfuate palepale. Wifi akashinda. Akashinda tena. Akaamini goti limepona.

Likaja jaribio la kurudi kazini: kupanda ngazi za jengo refu, bomba la maji begani. Goti likamgomea katikati. Mkuu wa kituo akampa nafasi moja tu ya mwisho. Akishindwa, atahamishiwa mezani kupokea simu.

"Nilimfuata kwenye cherehani yake," wifi anakumbuka. "Nikamuuliza, 'Hivi ulikuwa unaniachia?' Akaendelea kushona. Nikamwambia, 'Wifi, umenihurumia mpaka umenilemaza.' Akalia. Na mimi nikalia."

Kesho yake, uwanjani, Mama Chungulia alimuuliza swali moja.

"Daktari alisema ukimbie?"

"Alisema."

"Haya. Leo usinililie."

Mpira mbele. Mpira nyuma. Wifi akiegemea kushoto, mpira uko kulia. Mume wa Mama Chungulia, aliyekuwa akitazama nyuma ya ukuta wa kioo, alishindwa kuvumilia.

"Mama watoto, mwache dada yangu apumue!"

"Dada yako anataka kazi yake," akajibiwa bila kugeukiwa. "Wewe nenda kachemshe chai."

Wifi alifungwa kila mchezo, mpaka siku ya jaribio. Siku hiyo alipanda ngazi zote.

Ndiyo maana bado ni mzimamoto. "Simu ya msiba ilinikuta kazini," anasema, "nje ya jengo, nimetoka kumbeba mzee mmoja mgongoni, kumshusha kutoka ghorofa ya tatu iliyojaa moshi. Nikakaa chini pale pale. Mzee yule ndiye aliyenishika mkono."

Pole zetu ziwafikie mumewe, watoto wake na wifi yake. Mama Chungulia apumzike salama.

Nawe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwako yupo mtu unayemhurumia. Leo kaa naye. Muulize mwenyewe anataka nini, kisha umsikilize mpaka amalize.