Tawaifu Walizeekea Wapi

Pale Chowk, mtaa wa kale wa Lucknow, India, mbele ya kibanda cha chai cha Banke, kuna benchi la watu watatu linalokaliwa na wanne. Alasiri hiyo ya baridi ubishi ulikuwa juu ya bango lililobandikwa ukutani. Ile riwaya ya kale ya Kiurdu, kisa cha tawaifu, mwimbaji wa majumba ya starehe ya mtaa huuhuu, imegeuzwa tamthilia, na Ijumaa inachezwa. Zamin, ambaye kazi yake ni kupiga chapa za maua kwenye vitambaa vya kudarizi, kwa hiyo wakamwita Chapa, hakutaka hata kulitazama bango. Keshokutwa Mirza Kaukab, huyo aliyebanana naye bega kwa bega, angeleta posa ya mwanawe kwa binti wa Zamin. Na marehemu mama yake Zamin alikuwa mmoja wa tawaifu wa mtaa huo. Hajawahi kumwambia mtu. Likijulikana, aliamini, posa imekufa.

— Mwanamke wa riwaya hiyo hakuwepo, alisema Tiwari, karani mstaafu wa reli, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu. Katungwa.

— Hakuwepo? Mirza Kaukab, Nawabu wa kijiwe, mtawala asiye na kasri wala farasi wa kukodi, aliweka kikombe chini. Babu wa babu yangu alipelekwa kwake kufunzwa adabu. Kuketi, kusalimu, kutafuna tambuu bila kuchafua kanzu. Adabu ya ukoo wetu wote imetoka nyumba ile.

— Na mali ya ukoo wenu wote ikaingia nyumba ile, alisema Profesa.

— Ninyi hamjui kitu, alidakia Ishrat muuza kebabu, maarufu Pilipili. Yule alikuwa jasusi. Waingereza walipouzingira mji alificha risasi ndani ya ngoma. Akacheza mbele ya kanali, risasi zinalia humo, kanali anadhani njuga.

— Kanali kiziwi huyo?

— Akatoroka juu ya tembo. Malkia wao akatuma watu wambembeleze aende London akamwimbie. Akakataa. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa gani, Pilipili? Lucknow hatuna bahari, alisema Profesa.

— Basi mto.

Zamin alicheka nao, lakini kicheko kilimtoka kikavu.

Msichana mwenye shali, aliyekuwa akingoja chai kwa Banke, aligeuka akainua mkono hadi kwenye paji la uso kuwaamkia. Jina lake Mahjabin, akasema, na ndiye atakayecheza huyo tawaifu.

— Nawasikia mnavyomjua ujanani mwake, wazee wangu. Mimi nimekwama onyesho la mwisho. Hivi wanawake wale wa mtaa huu, walipozeeka, walikwenda wapi?

Pilipili alianza kuleta tembo mwingine, Profesa akamzuia.

Zamin aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya mama yake. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kumkana mzazi aliyemlea, eti kwa ajili ya harusi.

— Mmoja alihamia uchochoro wa nyuma ya msikiti, alisema. Akajiita mjane wa mwalimu. Kila Idi aliwaletea tambi za maziwa hapahapa benchini, mkamwita Shangazi.

Nawabu aligeuka polepole.

— Mama yako?

— Mama yangu. Nimesema kabla hujaleta posa. Uamuzi ni wako.

Mirza Kaukab alimwomba Banke amwongezee chai. Halafu akachukua kikombe chake mwenyewe, akampa Zamin kwa mikono miwili.

— Kunywa, mzazi mwenzangu. Wazee wangu walifunzwa adabu na watu hao, sasa mimi nije niwakosee leo?

Zamin alipokea. Akanywa.

— Hebu niambie, Nawabu aliuliza kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa anaimba vizuri?

— Sijui, alisema Zamin. Sikumsikia hata siku moja. Hata kunibembeleza nilale hakuimba. Aliogopa jirani ataitambua sauti, mimi nikose pa kukaa miongoni mwenu.