Jembe la Karatasi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu mliotoka Mikumi, karibuni Chanzuru. Mmeniuliza darasa letu la kisomo cha watu wazima limejaaje. Nianze na lilivyokuwa tupu.

Nilikuja hapa na shahada, na masomo niliyoyatunga mwenyewe kwa picha za rangi. La kwanza lilisema: "Jembe ni mali." Mama mmoja akalitazama sana.

"Mwalimu, jembe nimelishika tangu alfajiri. Jioni tena unanipa la karatasi?"

Kesho yake hakuja. Wenzake wakamfuata. Ndugu zangu, nawaambia, nilifundisha madawati kwa bidii, nayo yalinisikiliza vizuri. Mratibu wa elimu akaonya kwamba darasa lisipopata watu kabla ya masika litafungwa.

Jioni moja walikuja wazee wawili tu, mmoja wa milimani, mwingine wa bondeni. Ni watani, mnajua wanavyosalimiana.

"Ninyi wa bondeni, nyani wanavuna mahindi, ninyi mnakoroma!"

"Afadhali sisi tuna mahindi. Ninyi huko juu mnavuna ukungu!"

Jembe langu lilikuwa limeshanichosha hata mimi. Nikaandika maneno yao yote ubaoni, nikayaacha.

Habari ikaenea kijijini kwamba watu wamechambwa kwa chaki. Pande zote mbili zikaja kuona. Yule mama naye alikuwamo.

"Mwalimu, wametuitaje?" mama akauliza.

"Mtasoma wenyewe."

"Mtani, hata tusi lako hulijui!" akadakia mmoja wa upande wa pili.

"Na wewe lako unalijua?" mama akamrudishia.

Wakakaa chini wakadai herufi. Tangu hapo tukatunga masomo pamoja: upande huu unaandika, ule unasoma na kujibu. Asiyesoma hajibu, na mtani asiyejibu hapati usingizi. Hata picha zangu za rangi zilipata kazi: waliandika utani mgongoni mwake.

Masika yalipoingia, mratibu akaja. Alikosa pa kukaa. Akasoma ubao, akacheka, akaondoka bila kufunga kitu.

Asanteni, watani wangu. Mlinisamehe elimu yangu, mkanipa utani wenu. Walimu wenzangu, hamu ya kujifunza msiibebe kutoka chuoni. Mnakokwenda ipo tayari, mkae muisikilize inavyocheka.

Leo asubuhi nimekuta sentensi ubaoni, kwa mwandiko wa yule mama, hakuna herufi iliyokosewa. Ipo hapa nyuma yangu: "Mwalimu analima kwa karatasi, lakini amevuna."

Hiyo siifuti.