Siku Nilipogeuza Benchi

Benchi ni langu. Nililinunua kwa seremala aliyekuwa anahama, nikaliweka hapa kwenye kona kwa sababu kuna kivuli mpaka jioni. Sikujua kwamba kile chumba cha nyuma ya zahanati, ambacho mlango wake unatazamana na benchi uso kwa uso, kingekuja kutumiwa kila Alhamisi, saa kumi na nusu, na watu wanaotaka kuacha pombe. Anayeingia lazima apite mbele ya wateja wangu watatu wa kahawa: Dobi, Fundi Saa, na Spika, ambaye hatujawahi kupata swichi ya kumzima. Mwanangu wa kwanza, fundi wa kuchomelea mageti, ameshafika kwenye nguzo ya umeme pale Alhamisi mbili, akawaona, akarudi. Bosi wake amesema akimnusa pombe kazini mara moja tena, basi. Na leo ni Alhamisi.

— Jamani, akaanza Dobi kabla sijammiminia. Wiki iliyopita nimemwona mtu anaingia mle. Nikimtaja mtaanguka.

— Taja, tumekaa, akasema Fundi Saa.

— Mwalimu mkuu.

Fundi Saa akajimwagia kahawa kwenye suruali.

— Acha uongo!

— Haki ya Mungu! Na miwani yake usoni. Nguo zake nafua mimi mwaka wa tisa huu, sijakuta hata harufu!

— Basi kaenda kufundisha. Watakuwa wanaanza upya, a, e, i, o, u.

— Kufundisha nini? akadakia Spika. Nyinyi hamjui ya mle. Mnakaa duara, unataja maovu yako yote tangu utotoni, kuna mtu anaandika. Karatasi inapelekwa kwa wakwe zako!

— Weee!

— Mimi nilisikia ni sindano, akasema Dobi. Unachomwa hapa begani. Kuanzia hapo bia yote inanuka mafuta ya taa.

— Sindano ni wiki ya kwanza, wewe, akasema Spika. Wiki ya tatu wanapima maini. Lako likiwa bovu, unabadilishana na uliyekaa naye.

Fundi Saa akafikiri.

— Si naye ni mlevi? Sasa hapo nimepata nini?

Spika akanywa kwanza. Huyu hushika kikombe kwa mikono miwili, hata siku za joto.

— Unapata lililozoea, akasema.

Wakacheka mpaka benchi likalia.

Mimi sikucheka. Nimezunguka miezi minne kutafuta chumba kama hicho. Nimeuliza kwa watu wa maombi, nimeuliza hospitali kubwa, nimeuliza kwa shemeji yangu anayejua kila kitu, mpaka muuguzi mmoja akanionyesha mlango ulio hatua thelathini kutoka kwenye jiko langu. Na asubuhi mwanangu kaniambia, "Mama, mimi ningeingia. Ila wale watu wako wananitazama kama geti lililokaa kombo."

— Hawaandiki kitu mle, nikasema. Wanakaa, wanasikilizana. Hata jina hawakuulizi.

— Hata jina? akauliza Spika.

— Hata jina.

Spika akakizungusha kikombe mikononi. Dobi akamwangalia kama redio iliyokata ghafla.

Saa kumi na dakika ishirini na tano shati la bluu la mwanangu likatokea kwenye nguzo.

— Simameni, nikasema.

— Kuna nini, Mama Kahawa?

— Simameni!

Hawajawahi kunisikia nikipaza sauti. Wakasimama, vikombe mkononi. Nikashika benchi upande mmoja, nikalizungusha, miguu ikakwaruza saruji, mpaka likatazama ukuta wa duka la nyuma yetu.

— Kaeni.

— Tutazame ukuta? Fundi Saa alibaki mdomo wazi. Ukuta una nini?

— Una rangi. Atakayegeuka kabla sijasema, kahawa yangu asahau.

— Huyu mama kapatwa na nini leo? akanong'ona Dobi.

— Kaa, wewe!

Wakakaa, Spika pembeni kabisa, kama watoto waliofukuzwa darasani. Na mimi nikatazama ukuta. Sikutaka anikute namchungulia.

Buti za kazi zikaja, nzito, zikisitasita. Zikasimama nyuma yetu hasa. Nilisikia mwanangu akipumua. Shingo ya Dobi ilikuwa inamwuma kwa hamu, niliiona, lakini haikugeuka. Buti zikaondoka. Mlango wa bati ukalia, ukafungwa.

Nikashika ukuta kidogo.

Kisha benchi likalia. Nilidhani ni Dobi anajikuna. Baadaye mlango wa bati ukalia mara ya pili.

— Tayari? akauliza Fundi Saa.

— Tayari.

Wakageuka wawili. Pembeni ya benchi kilibaki kikombe cha Spika, nusu, bado kinafuka moshi.

Dobi akatazama kikombe, akatazama mlango, akanitazama mimi. Miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

— Wanatoka saa ngapi? akauliza Fundi Saa, tena yeye kazi yake ni saa. Si lazima tujue, ili wakitoka tusije tukawa tumegeuka?

Hilo sikumwuliza muuguzi. Dobi naye hakujua. Nikachukua kisosi, nikafunika kikombe cha Spika, nikakaa kwenye nafasi yake, tukatazama ukuta.