Petroli Aliyoimwaga Varadan

Jumamosi asubuhi, benchi la mbele ya bekari ya Singanallur halina nafasi ya mgeni. Mwisho wa kulia hukaa Kabureta, jina lake halisi Palanisami, fundi mstaafu aliyekuwa akirekebisha magari ya mbio kwa sikio tupu. Katikati hujitanua Pampu, mwenye karakana ya pampu za maji na maoni juu ya kila kitu kingine duniani. Kushoto yupo Karani, aliyestaafu kiwanda cha nguo akabaki na kalamu mfukoni na kalenda ya nyota kichwani. Leo wote wanatazama ng'ambo ya barabara, kwenye gereji ya marehemu Varadan. Gari lake, Esteem nyeupe, limetolewa nje, na binti wa marehemu, Kayalvizhi, amekaa kwenye usukani, laptopu mapajani. Kesho anakwenda kulikimbiza gari hilo kwenye uwanja wa mbio wa Chettipalayam, na leo anataka kufuta mahesabu ya babake kwenye kompyuta ya injini aandike ya kwake. Kinachomzuia ni mamake tu, aliyemkataza kugusa kitu mpaka saa ya Rahu, ile saa ya nuksi, ipite. Kahawa ya Kabureta imeshapoa, na kwa kawaida yeye kahawa ikipoa hugomba na bekari nzima.

— Rahu bado yupo, alisema Karani, akiitazama saa yake kwa madaha. Msiwe na haraka.

— Nani ana haraka? alijibu Kabureta. Mimi nataka akae mpaka jioni.

Pampu alicheka. Aliimimina kahawa yake kutoka bilauri ya chuma hadi kibakulini, akairudisha, bila kumwaga tone.

— We kaka, mtoto anataka gari likimbie. Kosa liko wapi?

— Kukimbia si kosa. Kufuta ndiyo kosa. Nikikutobolea jeti ya kabureta, kile kijitundu cha kupitisha petroli, tundu likishapanuka limepanuka. Hulirudishi hata ulie. Varadan alikesha na lile gari wiki ngapi kabla hajalazwa? Ndiyo kazi yake ya mwisho ile. Mtoto anabonyeza kidude kimoja, basi, mtu amekwisha.

Alipomaliza aliona haya, akajifanya anachagua bhajia ya ndizi kwenye sahani ambayo haikuwa na bhajia.

— Mimi hiyo kompyuta siiamini, Pampu aliokoa jahazi. Ile imewekwa kutuchunga. Ukikanyaga moto, yenyewe inaandika. Ukishuka kununua maziwa, inaandika. Nina hakika mke wangu anasoma.

— Mkeo hahitaji kompyuta, Karani alisema. Sura yako inatosha. Sikilizeni niwaambie. Kile kidude kina kumbukumbu, sawa? Kwa hiyo kinaujua mguu wa mwenyewe. Varadan alizaliwa nyota ya Rohini, mguu wake mwepesi. Binti ni Krittika, nyota ya moto. Akikanyaga, injini itauliza, huyu nani?

— Itauliza kwa lugha gani? aliuliza Pampu.

— Kitamil, lugha gani nyingine? Gari limekaa Singanallur miaka yote hiyo!

— Karani, leo umetia nini kwenye kahawa?

— Cheka tu. Kuna jamaa kule Peelamedu alinunua gari la marehemu. Kila likifika karibu na kinyozi aliyekuwa akimnyoa marehemu, linapunguza mwendo lenyewe.

— Breki zilikuwa zimeshika, mzee! Hiyo si roho, hiyo ni kutu!

Kabureta hakucheka. Yeye na Varadan walikuwa na gereji moja ujanani, na Fiat moja ya bluu waliyokuwa wakiipeleka kushindana Sholavaram, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, wakilala chini yake usiku ili isiibwe. Yeye aliisikiliza, Varadan aliiendesha. Kisha zikaja injini za kompyuta. Varadan akanunua laptopu, Kabureta akasema hafanyi kazi na mashine isiyonuka petroli, wakagawana vyombo. Kahawa waliendelea kunywa benchi hili hili, wakitukanana kwa mapenzi. Lakini magari ya mwenzake hakupanda hata moja. Alisema yako kimya mno, yanamtia usingizi. Sasa mwenzake hayupo, na anamkumbuka kila asubuhi, hasa hapa katikati, ambapo Pampu amejitanua.

— Rahu ameondoka! Karani alitangaza.

Kayalvizhi alitoka garini, lakini badala ya kuanza kazi, alivuka barabara na laptopu yake.

— Shikamooni. Baba mkubwa, alisema akimgeukia Kabureta, nina swali moja tu. Nimesoma mahesabu yote ya baba, yamekaa vizuri ajabu. Kuna sehemu moja inanitoa jasho. Dereva akiachia mafuta kabla ya kona, kompyuta inatakiwa ikate petroli. Baba ameiambia isikate. Mguu haupo, petroli inamwagika bure, na cheche amezichelewesha. Gari linachelewa kupungua mwendo, bomba la moshi linaungua. Kwa nini alifanya hivyo?

Benchi zima lilitazamana.

— Kupoza injini, alisema Pampu.

— Hapana, mjomba. Inazidi kupata moto.

— Sadaka, alisema Karani. Kila kona unamwagia kidogo mungu wa njia.

— Alikuwa mgonjwa, mwanangu, alisema Kabureta kwa sauti ndogo. Labda alikosea.

— Baba? Kwenye hesabu?

Kabureta aliligeukia gari.

— Wewe uliwahi kulisikia likikimbia? aliuliza.

— Hakuna aliyelisikia. Aliandika, akalazwa, gari halikutoka tena.

— Basi kabla hujafuta, lizungushe mara moja. Nenda mpaka bwawani, urudi.

Karani alikimbia kuweka limau la kufukuza nuksi chini ya kila tairi, na Kayalvizhi akayakanyaga yote kwa heshima. Esteem iliondoka, ikapotea, ikarudi kwa kasi. Ilipokaribia bekari, binti aliachia mafuta, na bomba la moshi likakohoa.

Pa-pa-pa. Kimya kidogo. Pa. Pa.

Mwenye bekari alidondosha sinia. Pampu aliruka. Kabureta alibaki ameketi, mikono magotini, machozi yakimtoka bila kificho. Hiyo ilikuwa Fiat. Ndivyo ilivyokohoa ikiingia kona ya Sholavaram, kwa sababu yeye Kabureta, kwa ubishi wake, alikuwa akiitoboa jeti kubwa kuliko walivyokubaliana, na Varadan alimnunia kila mara kwa petroli iliyopotea. Zile pa mbili za kuchelewa hakuna gari jingine lililokuwa nazo. Varadan alikuwa amezitafuta kwa hesabu, namba kwa namba, akiwa mgonjwa, mpaka akazipata.

— Ni sisi, alisema. Mwanangu, ameniweka humo ndani. Na mimi nilikuwa nikimwambia magari yake yanatia usingizi!

Kayalvizhi alichuchumaa mbele yake. Alimngoja mzee afute uso kwa ncha ya shuka lake jeupe.

— Itanipotezea muda kila kona, baba mkubwa. Kesho nashindana na watu wenye magari mapya. Lakini ukisema niiache, naiacha.

— Ukifuta imekwenda.

— Imekwenda wapi? Nimeshanakili. Ipo hapa kwenye laptopu. Naweza kuirudisha siku yoyote, wala haichukui muda wa kumaliza kahawa.

Wazee watatu waliitazama ile laptopu. Asubuhi nzima walikuwa wakifanya matanga ya kitu ambacho hakijafa.

— Inarudi vile vile? aliuliza Kabureta. Na zile pa mbili za mwisho?

— Vile vile.

Kabureta aliinyanyua kahawa yake iliyopoa, akainywa yote bila kugomba.

— Basi futa. Kesho kakimbie kwa hesabu zako, uwaache nyuma. Jumatatu mrudishie babako hesabu zake, kisha upite hapa unichukue. Sijawahi kupanda gari lake.